Moto wa Nairobi na Chuma cha Mama Mkubwa

Mama yangu aliijua ngozi kuliko alivyowajua watu. Baba alipofariki aliacha banda la ngozi nyuma ya soko la mifugo hapa Isiolo, na wanaume wa ukoo walipokuwa bado wanakaa vikao kuulizana nani atalichukua, yeye alikwisha kujifunga leso kiunoni na kuingia kazini. Alikwangua nyama na mafuta kwa kisu, akapaka chumvi, akazitundika ngozi kwenye fremu za miti kivulini, za ng'ombe upande huu, za mbuzi na kondoo upande ule. Nimekua ndani ya harufu hiyo. Shuleni watoto wa makarani walikuwa wakiziba pua nikipita, nami sikuwaacha hivi hivi, na ndipo ulimi wangu ulipopata ukali ambao haujaisha mpaka leo.

Mtu akileta ngozi, Mama hakuitazama kwanza. Aliitandaza chini, akapitisha kiganja juu yake kutoka shingoni hadi mkiani, na macho yake yako kwingine kabisa, pengine anamwitikia salaam mtu aliyepita barabarani. Kovu la kupe, mkwaruzo wa miiba, kidonda cha zamani kilichofunga vibaya, vyote alivipata kwa mkono. Kilichomuudhi zaidi ni chapa za moto. Wengine walichapa ng'ombe wao ubavu mzima, mistari juu ya mistari, na Mama aliwauliza kama walikuwa wanaandika gazeti.

Mkono ule ulikuwa wa kwao. Dada yake, ambaye mimi nilimwita mama mkubwa, alikuwa nao vilevile, ila yeye hakuutumia kwa ngozi za wanyama waliochinjwa. Yeye alichoma walio hai. Sisi Waborana, kama majirani zetu Wasomali, tuna tiba ya chuma: ngamia akichechemea, mtoto akiugua manjano, mzee akishikwa na mgongo, kipande cha chuma huwekwa kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, halafu kinaguswa kwenye ngozi mahali panapojulikana. Ukimaliza kusema bismillahi, kazi imekwisha. Mama mkubwa aliishi pembeni ya mji, upande wa barabara ya Garbatulla, na watu walimjia kutoka mbali kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na hakuwa na maneno mengi.

Alikuwa na masharti yake mawili. La kwanza, alianza na kiganja. Alimpapasa mgonjwa polepole, mbele na nyuma, akitafuta kovu la moto, na akilipata aliuliza ni nani aliyechoma na lini. Juu ya kovu hakuchoma, hata umpe ngamia. Alisema ngozi iliyokwisha kula moto haina nguvu ya kujifunga mara ya pili. La pili hakuhitaji kulisema, maana sote tulilijua tangu utotoni: moto huacha alama. Mtu akikwambia amechomwa, unamwomba akuonyeshe. Asipokuwa na cha kuonyesha, basi hakuchomwa, alidanganywa.

Nayasema haya mapema kwa sababu bila kuyajua, mtu atadhani mama yangu alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga hata kidogo.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini, sijaolewa, na watu walikwisha kuanza kuniuliza kulikoni. Mama alianza kutoka damu, miaka mingi baada ya umri wa hedhi kumpita. Alinificha. Nilikuja kujua kwa kuona anavyofua nguo kila asubuhi kabla sijaamka, yeye ambaye siku zote alinisukumia mimi ufuaji. Nilipomuuliza alinitolea macho. Nilipouliza tena alikaa chini kwenye gunia la chumvi akaniambia, na nikaona kwamba ameogopa, jambo ambalo sikuwahi kuliona hata siku alipomzika Baba.

Hospitali ya hapa ilituandikia twende Meru, Meru wakatusukuma Nairobi. Daktari wa Nairobi alitueleza bila kuzunguka. Kuna uvimbe kwenye mlango wa mji wa mimba. Kwa kisu hautoki tena, lakini unatibika kwa miale, na wanawake wengi wa hali yake hupona. Kisha akanitazama mimi, si Mama, akasema neno ambalo nimetembea nalo maisha yangu yote: atapona akimaliza. Matibabu yangekuwa nusu mbili, na katikati angepumzishwa nyumbani ili mwili upate nguvu. Nusu moja peke yake ni sawa na kuukwangua ugonjwa juu juu, utarudi.

Wodini hakuna aliyesema miale. Wagonjwa, wafagiaji, hata masista, wote walisema kuchomwa. Unachomwa saa ngapi? Yule ameshachomwa? Kwa hiyo Mama alijiandaa kwa moto. Asubuhi ya kwanza alisali, akauma leso kwa meno, akanishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Kijana wa mashine alimchorea mistari ya wino wa zambarau chini ya kitovu, na mingine mgongoni karibu na kiuno, ikawa kama sanduku. Kuchorwa na mwanamume kulimwumiza kuliko kitu chochote. Aliniamuru nishike shuka juu yake kama hema, naye akatazama dari akisoma anachokijua. Kisha tukatolewa wote isipokuwa yeye, mlango mnene ukafungwa, mashine ikanguruma kidogo.

Alipotoka aliniuliza wanaanza lini. Nilimwambia wamemaliza. Alinitazama kama nilivyomtazama mimi mwanafunzi aliyesema ng'ombe amekula daftari lake.

Kitanda cha pili kutoka kwake alilala mama mmoja wa Meru aliyekuwa akiuza miraa, mcheshi sana, mwenye kidonda karibu na sikio kilichokataa kupona kwa miaka. Yeye alipelekwa chumba kingine, kwenye mashine ya zamani ya eksirei. Baada ya wiki chache ngozi yake ilianza kuwa nyeusi tititi kuzunguka kile kidonda, ikavimba, ikabambuka, ikatoa maji, akawa analala upande mmoja tu. Usiku aligumia. Mama alimwonea huruma, nasema kweli, alikuwa akimpelekea chai kwa mkono wake. Lakini pia alimwonea wivu. Aliniambia kwa Kiborana, huku anamtabasamia yule mama, kwamba huyu ndiye anayetibiwa. Yeye mwenyewe analazwa mezani kila siku, anafungiwa mlango, halafu anatolewa bila hata ukurutu. Na yule mama wa Meru, masikini, alikuwa akimwambia Mama ana bahati.

Nilichoka kusikia hayo. Nikamwendea yule kijana wa mashine, nikamwambia anieleze vizuri kwa sababu kwa mama yangu hakukaliki. Hakuniona msumbufu. Alivuta kiti akaeleza. Mashine ya zamani, alisema, nguvu yake yote inamwagika kwenye ngozi yenyewe, inapungua kadiri inavyoingia ndani. Inamfaa yule mwenye kidonda cha ngozi, na ngozi nzima iliyo jirani ndiyo inayolipa gharama. Hii ya kobalti, ya mama yako, ni tofauti. Miale yake inapenya, na nguvu yake inajikusanya chini ya ngozi, si juu. Ngozi inapitwa tu. Inaweza kuiva kidogo, kuwa nyeusi kidogo, hasa kwenye mikunjo ambako ngozi inasuguana na ngozi na kutoa jasho. Mwishoni kuna aina ya tatu, vibomba vidogo vya radiamu ambavyo hulazwa ndani ya mwanamke kwa muda halafu vikatolewa. Hivyo hata ngozi ya tumbo havigusi.

Halafu akaniambia kitu alichotaka nikikumbuke. Ngozi iliyopitwa na miale si ile ya jana, hata ikionekana nzima. Isisuguliwe, isipakwe mafuta yenye dawa, isikandwe kwa maji ya moto, isikwaruzwe. Ikipata kidonda itachelewa kupona.

Nilimtafsiria Mama yote, neno kwa neno, nikapaka na chumvi yangu. Alisikiliza kwa adabu. Alipoona nimemaliza alisema yule kijana ni mtoto mzuri ila hajawahi kuchoma hata mbuzi.

Na kusema haki, mwili wake ulishirikiana naye kunipinga. Tumbo lilikuwa jeusi kidogo tu, kama mahali ambapo mshipi umebana. Nywele za pale chini zilikuwa zimeacha kuota, na hiyo ingekuwa alama, lakini wanawake wetu huziondoa siku zote, kwa hiyo nani angejua? Kwenye mikunjo ya mapaja alibambuka kidogo, lakini alidhani ni vitambaa alivyokuwa akivaa kwa ajili ya damu, akanyamaza. Tumbo lilimwendesha, akalaumu kabeji ya hospitali. Damu ilipungua sana, akasema ni kwa sababu habebi tena ngozi mbichi, na ni dua za watu wa nyumbani. Kila ushahidi niliouleta alikuwa ameshaupatia maelezo yake mwenyewe.

Nusu ya kwanza ikaisha, tukaruhusiwa kurudi nyumbani kupumzika. Nilifurahi kuona jua la Isiolo. Nairobi ilikuwa baridi, na watu wake hawasalimiani. Mama alikwenda bandani siku ileile, akapita kati ya fremu akigusa ngozi moja moja, akawagombeza wafanyakazi kwa chumvi waliyopoteza. Alioga alivyozoea, na ile mistari ya zambarau, ambayo sasa tulikuwa tumeambiwa tunaweza kuiacha ifutike, ikafifia mpaka ikatoweka. Sanduku likabaki kichwani mwetu tu.

Mama mkubwa alikuja na kibuyu cha maziwa kumjulia hali. Walikaa mkekani, wakajuliana hali kwa urefu kama inavyotakiwa, mifugo, mvua, watoto, ndipo akaomba kuona. Mama akafunua. Mama mkubwa alitazama, akaangalia na mgongo, akarudi mbele. Akauliza taratibu huo moto ni moto gani. Mama akasema hata yeye hajui, alilala tu mezani. Mama mkubwa akamfunika leso. Nikaanza kueleza kobalti na eksirei na mikunjo ya ngozi. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Walinisikiliza kama mnavyomsikiliza mtoto anayesimulia ndoto.

Baada ya siku chache Mama alitangaza kwamba harudi. Alisema bila hasira. Amefanya nilichotaka, amekwenda, amevuliwa nguo mbele ya watoto wa watu, na hakuna kilichofanyika. Nusu ya pili ya kitu ambacho hakikuwepo ni nini? Nilimjibu vibaya. Akaniambia nirudi kwenye chaki yangu. Nilikwenda shuleni kila siku na maneno ya yule daktari yakinizunguka, akimaliza, akimaliza, nikiwafundisha watoto kujumlisha huku sijui ninachosema.

Siku moja nilirudi mchana nikanusa makaa uani. Si makaa ya kupikia, maana sufuria zilikuwa zimekauka. Mama alikuwa amelala chali mkekani, leso imefunuliwa tumboni. Mama mkubwa alikuwa akipangusa chuma chake kwa kitambaa. Alimchoma mahali patatu, kitone kimoja juu ya kitovu na viwili chini, pale ambapo maumivu yalikuwa. Alifanya kila kitu kwa masharti yake. Alipapasa kwanza, mbele na nyuma, taratibu kuliko alivyowahi kumpapasa mtu yeyote, kwa sababu huyu alikuwa mdogo wake. Kiganja chake hakikukuta kovu. Ngozi ilikuwa laini, nzima, haijala moto. Kwa hiyo akachoma.

Kwetu humpazii sauti mama mkubwa. Mimi nilimpazia. Nilimwita muuaji, mbele ya majirani waliokuwa wametoa vichwa juu ya ua, na sijutii mpaka leo, kwa sababu nilikuwa nimeogopa na hofu yangu haikuwa na njia nyingine ya kutokea.  Yeye alikifunga chuma kwenye kitambaa, akamwagia makaa mchanga, akaondoka. Mama alinigeuzia mgongo, na hatukusemezana mpaka kesho yake.

Halafu tukangoja, maana moto ule wa chuma una kawaida yake na kila mtu anaijua. Kidonda hukauka, hufanya gaga, gaga huanguka, hubaki kidoa. Kile cha juu ya kitovu kilifuata kawaida. Kilikauka vizuri, gaga likaanguka lenyewe, ukaona ngozi changa ya waridi chini yake. Vile viwili vya chini vilibaki vikitoa maji. Kingo zake zilikuwa za kijivu, na badala ya kukaribiana zilikuwa zinaachana. Mama mkubwa alianza kuja kila asubuhi. Sikumsemesha, naye hakunisemesha. Alichemsha maji, akatia chumvi, akayaacha yapoe, akaosha vile vidonda kwa pamba na kuondoka. Kila siku nilimwona anakaa kidogo zaidi akivitazama, ameinamisha kichwa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu kitu ambacho hakijumlishiki.

Alasiri moja Mama aliniita. Alikuwa amelala palepale mkekani, na alikuwa akifanya kitu nilichokijua tangu nikiwa mdogo: kiganja chake kilikuwa kinapita juu ya tumbo lake mwenyewe, kutoka juu kushuka chini, na macho yake yalikuwa yanatazama mahali pengine, juu ya paa, kwenye mawingu. Kilipita, kikarudi, kikapita tena.

"Chuma ni kimoja," alisema. "Mkono ni mmoja, siku ni moja. Kwa nini hapa pamefunga na hapa hapafungi?"

 Nilikuwa na jibu mdomoni, nimelibeba tangu Nairobi, lakini kwa mara moja katika maisha yangu nilijua kwamba nikifungua mdomo nitaharibu. Alianza kuchora kwa kidole. Alikumbuka lile sanduku la wino vizuri kuliko mimi, kwa sababu lilikuwa limechorwa juu ya aibu yake. Alipitisha mstari wa juu chini ya kitovu, akashuka ubavuni, akavuka, akapanda. Kidonda kilichofunga kilikuwa nje ya sanduku. Viwili vilivyokataa vilikuwa ndani.

"Kumbe walipita hapa," alisema.

Akafunika tumbo. Akaniambia nitafute basi la kesho. Nilitoka nje nikalia nyuma ya banda, na harufu ya ngozi za ng'ombe ikinifariji.

Daktari alipofunua na kuona hakugomba. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nikaona afadhali angetukana. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akavitazama vile vidonda muda mrefu, akauliza ni vya lini. Kisha akaniita pembeni. Hawezi kupitisha miale juu ya vidonda vilivyo wazi, ngozi ile ingeoza. Na kungoja vifunge, ngozi iliyokwisha kuchoka namna hiyo, ni kungoja sana, na ugonjwa haungoji. Nilimuuliza kama basi imekwisha. Alisema atazungumza na wenzake. Nilirudi kukaa karibu na Mama, naye akaniuliza amesemaje, nami nikasema anazungumza na wenzake. Mama alikuwa amekuja mwenyewe, kwa miguu yake, anaamini, na huenda amechelewa. 

Yule mama wa Meru alikuwa amekuja kliniki siku hizo. Kidonda chake karibu na sikio kilikuwa kimefunga, ngozi yake imebaki nyembamba, inang'aa, na mabaka meupe. Alimfunua Mama akaona, akashika kiuno. Akamwambia kwa Kiswahili chake cha mlimani kwamba sasa wamelingana. Mama alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu.

Waliamua kuigeuza mashine. Badala ya kupiga mbele, walipiga kutoka nyonga hii na nyonga ile na kutoka mgongoni, wakilikwepa tumbo, na sehemu iliyobaki wakaiachia radiamu. Hakuna aliyeahidi kitu. Alichorwa upya, nyongani na mgongoni, na safari hii hakuniomba nishike shuka. Siku za radiamu alilazwa peke yake nyuma ya ukuta wa madini ya risasi, yale yanayozuia miale, na mimi sikuruhusiwa kusogea. Nilisimama mlangoni nikamtolea salaam kwa sauti. Aliitikia, akaniambia kama sina kazi nirudi Isiolo nikaone wale watu wanavyoziharibu ngozi zake. Nikajua kwamba yuko sawa.

Alimaliza. Nalisema neno hilo kwa furaha hata sasa: alimaliza. Daktari alimpima tena na tena miaka iliyofuata, na kila mara alimrudisha nyumbani. Vile vidonda viwili ndivyo vilivyokataa kumwacha haraka. Mvua zilikuja zikaenda, ndipo vilipojifunga, na ngozi iliyovifunga ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Fundo la leso likikaa juu yake ilichanika. Kuanzia hapo Mama alifunga leso juu, karibu na kifua, na wanawake wa sokoni wasiojua wakadhani ni maringo.

Mama mkubwa hakuja siku tuliyorudi, wala siku iliyofuata. Alipokuja alisimama mlangoni akatoa salaam kama mgeni. Mama alimwambia aingie, akalala mkekani, akafunua mwenyewe bila kuombwa. Mama mkubwa alipiga magoti. Alipitisha kiganja kuanzia kitone cha juu, kilichopona, akashuka polepole mpaka kwenye vile viwili, akakiacha hapo.

"Nilichoma mahali palipokwisha kuchomwa," alisema. "Nilitafuta kovu, wallahi nilitafuta. Mkono wangu haukuona."

"Hata wangu haukuona," Mama akamwambia, "na tumbo ni langu."

Nilikuwa nimesimama pembeni na maneno yangu yote tayari, niliyoyapanga njia nzima tangu Nanyuki. Nikaenda kuchemsha chai.

Miaka ya themanini ilipoanza, watu waliokwenda Nairobi na kurudi waliongezeka, na si wote walirudi na alama. Mama mkubwa alikuwa amezeeka, lakini wagonjwa walizidi kumjia. Siku moja nilimkuta na mwanamume mmoja kutoka upande wa Leparua, mtu wa makamo, analalamika mgongo. Makaa yalikuwa mekundu, chuma kimo ndani. Mama alikuwa ameketi pale barazani, fundo lake la leso liko juu kifuani, anasuka kamba. Mama mkubwa alimpapasa yule mtu, mbele na nyuma, kama alivyofanya siku zote. Mgongo ulikuwa laini, hauna doa. Zamani hapo ndipo angenyoosha mkono kuchukua chuma.

Badala yake alimuuliza kama amewahi kupita Nairobi. Yule mtu alishangaa, akasema ndiyo, mwaka jana, kwa uvimbe, walimlaza chini ya mashine fulani lakini hawakumfanya kitu. Mama mkubwa aliinua mkono wake kutoka mgongoni mwake taratibu, kama unavyouinua kwa mtoto aliyelala. Akachukua kibuyu cha maji, akayamwagia makaa yote, akamwambia arudi kwa waliomchoma kwanza.